Damu ya Suzana

"Bibi, mtu mmoja anawezaje kuwa na damu mbili?"

Violeth alikuwa darasa la nne alipouliza hivyo, wakirudi Mwakitolyo kutoka kijiji cha jirani. Bibi yake, Mageni, akamfinya sikio. "Funga domo. Ukiulizwa, tulikwenda kununua chumvi."

Chumvi yenyewe hawakununua.

Machimbo yote ya dhahabu pale Mwakitolyo yalimjua Mageni kama Mama Enock, mwosha marudio, ule mchanga ambao wachimbaji wameshauosha wakauacha. Yeye aliuosha tena, akauchanganya na zebaki kwa viganja vyake, akaukamua kwenye kitambaa, kisha akakichoma kidonge kilichobaki juu ya jiko la mkaa, lilelile la ugali, mpaka zebaki ikaruka moshi na dhahabu ikabaki. Na dhahabu hiyo kamwe hakumpelekea mtu mmoja. Aliikata vipande viwili sawasawa: kimoja kwa broka Maganga, mnunuzi wa palepale machimboni, kingine kwa sonara Hozefa, Shinyanga mjini. Mizani zikipishana, mmoja wao ni mwizi.

"Mama Enock, wewe hata Mungu utampima mara mbili," Hozefa alimtania.

"Yeye hana duka la dhahabu, mwanangu."

Basi watafiti walipofika na gari jeupe na visanduku vya barafu, wakitaka damu za wanawake wa machimboni ili waone kama kiasi cha madini mwilini kinaweza kuashiria saratani mapema, kijiji kizima kilikunja uso. Amosi, jirani mwenye mdomo, ndiye aliyeanza.

"Wanatafuta dhahabu damuni hao. Wakiikuta nyingi, wanakuletea katapila mgongoni!"

Watu walicheka, lakini huku wakirudi nyuma hatua moja. Wengine wakanong'ona kwamba damu itauzwa. Wengine wakasema wataambiwa wote ni wagonjwa ili wahame, eneo lichukuliwe.

Mageni aliwatazama wageni kwa jicho la pembeni asubuhi nzima. Jua lilipopanda akaketi, akatoa mkono wa kulia, akaandikisha jina lake. Siku tatu baadaye gari lilikuwa kijiji cha jirani. Akafunga kilemba kingine, akamshika Violeth mkono, akaenda kutoa wa kushoto.

"Jina, mama?"

"Suzana."

Violeth alishtuka. Suzana alikuwa mdogo wake bibi, na walikuwa wamemzika Chato mwaka uliotangulia.

Miezi ikapita. Siku moja nesi Nelly, yule aliyewachoma watu sindano pale Mwakitolyo, akaja na bahasha ya Mageni.

"Shikamoo, mama. Kwenye damu yako shaba imepanda, zinki imeshuka. Tunaomba uende Mwanza ukapimwe zaidi."

"Marahaba. Shaba?" Mageni akamkazia macho. "Nimeshika zebaki miaka kumi na mitano, ungesema zebaki ningekuelewa. Shaba sijaigusa maishani. Damu hiyo si yangu."

"Zebaki nayo ipo, mama. Lakini shaba iko kwenye chakula, kila mwili unayo. Ikizidi, tunashuku. Haisemi kwamba una saratani, inasema tu tukutazame. Hata sisi bado tunachunguza kama kipimo hiki kinafaa."

"Kumbe hamna hakika! Nyie mnashuku, na mimi nawashuku. Tuko sawa."

Bahasha ikatupwa ndani ya debe la mahindi. Lakini Violeth aliona bibi hali akashiba, na kila gari lililopiga honi lilimtoa nje. Alikuwa akingoja majibu ya Suzana. Hayakuja. Mwishowe wakapanda basi wawili hao hadi ofisi ya watafiti, Shinyanga mjini, kuyaulizia.

"Huyo Suzana tumemtafuta sana," Nelly alisema. "Ila majibu anapewa mwenyewe tu. Mlete."

Violeth akatazama sakafu. Mageni akafungua kilemba chake, akakifunga upya, akakifungua tena.

"Haletiki. Yuko kaburini. Ile damu ni yangu."

Nelly akaitafuta fomu, akasoma kwamba Suzana ana kovu la moto juu ya kiwiko cha kushoto, akalitazama kovu hilo mbele yake. "Mama! Kumbe ulikuwa unatupima sisi?"

"Sasa mizani ya mtu utaijuaje?"

Nelly akacheka, kicheko kikamkauka alipoziweka karatasi mbili pamoja. Shaba juu, zinki chini. Tarakimu zilipishana kidogo tu. Violeth alidhani bibi angeshangilia, maana mizani haikudanganya. Bibi hakushangilia. Kiganja chake kilifunika titi la kushoto.

"Niandikie barua ya Mwanza," akasema.

Mwanza walikuta uvimbe kwenye titi, bado mdogo. Wakaukata.

Sasa Violeth yuko kidato cha tatu, na Mageni amelivunja lile jiko, analima choroko. Jumamosi moja walikuwa wanapepeta, bibi akausimamisha ungo.

"Uliniuliza swali siku ile ya chumvi."

"Nakumbuka, bibi. Na jibu nalijua. Ulikuwa unawatega watafiti, kama ulivyowatega akina Maganga."

"Akina Maganga niliwatega, ndiyo. Lakini uvimbe nilikuwa nimeshaupapasa kabla gari la watafiti halijafika. Nikatoa damu mbili, nikaomba ile mbaya iende kwa Suzana. Yeye hawezi kufa tena."