Rudi Jumanne

Mpwa wangu ameolewa Embu na anaishi vizuri, kwa hivyo anayetaka kunilaumu kwa haya ninayosimulia aende kwanza akanywe chai kwake. Nilichelewesha ndoa yake kidogo tu. Ningeweza kuichelewesha zaidi, na nguvu nilikuwa nazo.

Mama alikuwa na rovu, ule uvimbe wa shingo ambao wanawake wengi wa rika lake huku Kanyakine walikuwa nao na kuuficha kwa leso. Yeye hakuuficha. Kanisani ndiye aliyeanzisha nyimbo, peke yake, bila kinanda, na kanisa zima likamfuata. Akishafungua mdomo, nani alikumbuka kuangalia shingo? Kisha uvimbe ukaanza kumkaba, akawa anakohoa katikati ya ubeti. Daktari wa Meru akatuandikia barua twende Embu kwa daktari wa upasuaji. Akatuonya tusikawie, uvimbe usije ukaifikia sauti.

Kliniki ya upasuaji ilikuwa ya Jumanne. Kati yetu na daktari palikuwa na dirisha dogo, na nyuma ya dirisha palikuwa na karani. Shavu lake moja lilikuwa limejaa muguka, yale majani ya kutafuna ya Embu, tangu asubuhi. Alitafuna polepole, akachukua barua yetu kwa vidole viwili, akairudisha.

"Hii haina stamp. Rudi Jumanne."

Tukarudi Jumanne na muhuri. Akasema damu ipimwe upya, majibu ya Meru yamekaa sana. Yalikuwa yamekaa kwa sababu ya muhuri wake! Tukapima. Jumanne iliyofuata akasema daktari ako semina. Nyingine, picha ya shingo haionekani vizuri, ikapigwe tena, na mashine imeharibika. Siku moja Mama alikuja hajatia kitu mdomoni tangu jana yake, kama alivyoagizwa. Tukakaa kwenye benchi mpaka jua likahamia upande wa pili wa ukuta, ndipo karani akatoka na funguo mkononi.

"Shosho, bado uko? Clinic imefungwa. Rudi Jumanne."

"Asante, mwanangu," Mama akamjibu.

Mimi nilikuwa mwalimu. Nilikuwa nimezoea kunyamazisha darasa zima kwa kukohoa tu, na pale nikashindwa na mtu mwenye majani mdomoni. Nilipotaka kupaza sauti Mama alinishika mkono. "Usigombane na yeye. Akikasirika, sitaingia kamwe." Nikarudi kwenye benchi. Lakini niliukariri uso ule: mwanya wa meno ya juu, kovu juu ya jicho, shavu lile. Nilimchukia kwa utulivu, kama mtu anayepalilia shamba lake mwenyewe.

Siku tuliyomfikia daktari, mahindi tuliyoacha yakichipuka yalikuwa yameshavunwa. Alimgusa Mama shingoni, akakunja uso.

"Mbona mlichelewa hivi?"

Alituuliza sisi. Nilitamani kumburuta hadi dirishani akaulize huko.

Alimpasua, na Mama akapona. Shingo ikawa nyembamba kama ya msichana. Sauti haikurudi. Ulibaki mnong'ono ambao hata mimi niliusikia kwa kuweka sikio karibu na midomo yake. Tangu siku hiyo nikawa mdomo wake: sokoni, kwa majirani, hata kwenye maombi. Kanisani alikaa na wengine akipiga makofi, na nyimbo zikaanzishwa na mtu mwingine, kwa sauti ya chini mno.

Miaka ikapita. Mpwa wangu, binti wa marehemu kaka yangu, msichana aliyelelewa na Mama, akapata mchumba, na wakwe wakatuma habari kwamba wanakuja kumwomba. Walipoingia uani, mzee wa mbele, msemaji wao, alikuwa ami wa kijana. Mwanya. Kovu. Shavu limejaa.

Hakutukumbuka hata kidogo. Alinisalimia kwa mikono miwili na kuniita "mama yetu." Moyo wangu ulidunda kwa furaha ambayo sikuwa nimeisikia kwa muda mrefu.

Sasa, kwetu Meru huombi msichana kwa maneno matupu. Unatanguliza kitita cha miraa, vijiti teule vilivyofungwa vizuri kwa jani la mgomba. Wazee wakikipokea, umepokelewa. Wasipokipokea, unarudi ulikotoka bila ugomvi, ujipange upya. Yule bwana alifungua mkoba wake akatoa muguka. Majani matupu, ndani ya karatasi ya nailoni iliyofungwa fundo. Kwao Embu hiyo ni zawadi ya heshima, sikatai. Lakini wazee wetu waliitazama ile nailoni kama wameletewa majani ya mbuzi.

Msemaji akaona nyuso, akaanza kutoa jasho. "Wazee, tusameheane. Si hii pia ni miraa tu? Tumetoka mbali sana."

Ami yangu mkubwa alikuwa mpole, na harufu ya nyama ilikuwa imeshamfikia. Akasema wamekosea kwa kutojua, na kwa kuwa msichana ni wa mkono wa Mama, Mama ndiye aamue. Wote wakageuka. Mama alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, leso mabegani. Nikapiga magoti kando yake nikaweka sikio.

"Waambie waingie," akanong'ona. "Wamechoka. Wapeni chai."

Nikasimama. Nikajipangusa magoti taratibu, nikamtazama yule karani machoni, nikasema kwa sauti yangu ya darasani, kila mtu asikie hadi barabarani:

"Mama anasema hii haijafungwa vizuri. Mrudi Jumanne."

Alikodoa macho. Shavu lake likaacha kutafuna. Alinitazama, akamtazama Mama, akaitazama shingo ile na kovu lake, na nikaona anakumbuka. Akainama, akaokota nailoni yake, wakageuka kuondoka.

Mama alinivuta sketi kwa nguvu. Alikuwa akitikisa kichwa, ameukunja uso, mdomo umefunguka wote akiwaita wageni warudi. Waliendelea kutembea kuelekea langoni, maana hakuna aliyemsikia.