Kibuyu cha mama kilivyozima pick-up yangu njiani kwenda Kapkatet

Wakuu, poleni na kazi. Hii sijawahi kuandika mahali popote, na sitaongeza chumvi.

Ilikuwa miaka ya tisini, huku Bureti. Nilikuwa na pick-up kuukuu. Petrol station ilikuwa mbali, so nilikuwa naweka petroli kwa jerrycan.

Funnel yangu ilikuwa kibuyu cha mama cha mursik, yaani maziwa yetu ya kugandisha, kilikuwa kimepasuka. Nilikata chini, shingo ikaingia kwa tangi vizuri. Mama aliona, akanyamaza. Kwetu kibuyu cha maziwa si kitu ya kuchezea, lakini mimi nilijiona mjanja.

Kwa wale hawajui, ndani ya hicho kibuyu husuguliwa kwa mkaa wa mti miaka na miaka, mpaka inakuwa nyeusi.

Baada ya miezi gari ikaanza vituko. Kwa tambarare inaenda poa. Mlimani inakosa nguvu, inashtuka-shtuka, inazima. Ukingoja kidogo inawaka tena. Nikabadilisha plugs, wapi.

Asubuhi moja mama akaamka hawezi kupumua vizuri. Nikamweka mbele, tukaelekea hospitali Kapkatet. Mlima wa pili gari ikazima na ikakataa kabisa. Nikafungua plugs tena kama mjinga, huku namsikia akikohoa.

Omondi, fundi wa trekta za estate ya majani chai, akapita na baiskeli. Akasimama.

"Ndugu yangu, fuel filter ulibadilisha lini?"

"Iko wapi?" nikamuuliza.

Akaitoa kwa paipu ya petroli karibu na carburettor, kichujio kidogo tu, akapuliza. Pumzi haikupita. Akaigonga kwa kiganja changu, ikatoka petroli nyeusi na unga wa mkaa.

Mama akaangalia mkono wangu kwa dirisha.

"Hiyo ni ya kibuyu yangu," akasema. Hakuwa na hasira.

Omondi akaipuliza kinyume mpaka ikafunguka, akasema itatufikisha tu, ninunue mpya. Tulifika tumechelewa karibu masaa mawili. Mama alikufa kesho yake. Daktari hakusema ni kuchelewa, na mimi niliogopa kuuliza. Mpaka leo inaniuma.

Baada ya mazishi niliweka filter mpya. Ni klipu mbili, mshale unaangalia carburettor. Ilinichukua dakika kumi.

Gari ikikosa nguvu mlimani, anza na filter kabla ya plugs. Na mama akinyamaza, muulize kwa nini.

Kama kuna mwenye amebeba kitu kama hii, aandike hapa chini. Nitasoma zote.