Ng'ombe Aliyekuwa Kushoto

Wakati ule wa vita nilikuwa ofisini kwa shefu wa zone, Butihinda, nangoja karatasi ya kunipitisha mpakani Kobero. Akaingia mama mmoja amemkamata mkono wa shati mlinzi wa kilima, raia aliyepewa bunduki ya serikali atulinde.

“Shefu, huyu ameniulia ng'ombe! Wa maziwa! Niko na huyo mmoja tu!”

Mlinzi akaweka mkono kifuani. “Mi nililenga waasi kwenye migomba, mama. Ng'ombe alikuwa mbali, kushoto. Kosa iko kwa bunduki. Mtutu umelika ndani, na risasi wanatupatia za kuchanganya, zingine zina kutu. Haziendi sawa.”

Shefu akatikisa kichwa kama fundi. “Voilà. Tutaomba mtutu mpya na risasi za namna moja. Hakuna mwenye kosa.”

“Bunduki itapata mtutu. Na mi napata nini?”

“Mama, tulia. We mlinzi, muonyeshe namna ulilenga.”

Mlinzi akainua bunduki kuelekea mlangoni. Shefu, ambaye meza yake ilikuwa kushoto kwa mtutu, akapiga mbizi chini ya hiyo meza. Mama akakaza kanga kiunoni, akaenda polepole, akasimama mbele kabisa ya mtutu.

“Mi nakaa hapa,” akasema. “Hapa ndo salama.”

“Shusha!” shefu akalia toka chini ya meza. “Umpe mama ng'ombe wako mwenyewe! Leo!”

Sibishani na mafundi wa mitutu na risasi. Ila kosa lile lisilo na mwenyewe lilimpata mwenyewe upesi sana, mara tu shefu alipojiona yuko kushoto.