Console mpya ya mjomba ilivyododa nyuma ya pazia

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi humu ni msomaji wa kimya, hata kukomenti huwa naogopa. Mambo yangu naandika kwenye diary, yanaishia huko. Ila nimeona mnavyobishana kwa nini console moja inauza na nyingine, tena nzuri zaidi, inadoda. Nikasema hili nilitoe. Sijaongeza chumvi.

Mimi ni msichana, niko sekondari, hapa Kigali. Naishi Biryogo kwa mjomba wangu Hamadi, fundi cherehani. Chumba cha mbele alikigeuza sehemu ya gemu: console moja ya zamani, benchi, na sheria moja tu. Ukifungwa unaamka, anakaa anayefuata.

Ile ya zamani imechoka jamani. Pedi moja imekazwa na uzi wa kushonea. Lakini benchi halikosi watu, na wanaosubiri wana kelele kuliko wanaocheza.

Sasa, ndugu mmoja wa mjomba akarudi kutoka nje na zawadi: console mpya.

Wakuu, ile kitu ni moto. Grafiki mpaka unaona jasho shingoni mwa mchezaji.

Mjomba, kwa vile ni fundi, akaishonea pazia. Velveti ya bluu, na utepe wa dhahabu pembeni. Akaizungushia kona yake yenye TV yake, kiti kimoja na headphone. Akasema hiyo ni VIP, mtu acheze bila kusumbuliwa.

Siku ya kwanza wote walichungulia. "Yewe! Iko safi!" Halafu wakarudi kwenye benchi lao.

Mjomba akadhani ni bei, akashusha. Hakuna. Akadhani ni TV, akabadilisha. Wapi.

Mkewe, Mama Aisha, anafundisha wasichana kushona. Siku moja akamwambia, "Hamadi, wanafunzi wangu wanaungua na jua barazani, na console yako inakaa ndani kama bibi harusi. Nirudishie chumba."

Mjomba akaomba asubiri mpaka shule zifunguliwe. Ikishindikana, anauza zote mbili, mpya na ya zamani.

Hapo mimi nikakosa raha, kwa sababu mteja pekee wa VIP nilikuwa mimi. Nyuma ya pazia hakuna anayeniangalia. Nilikuwa nacheza gemu ya magari ya milimani, na wavulana wa benchi sijawahi kuwasalimia kwa sauti ya kusikika.

Ila niwaambie ukweli: headphone nilikuwa navaa sikio moja tu. Kwa la pili nilikuwa nawasikiliza wao.

Asubuhi moja Mama Aisha akalichukua pazia kulifua. Chumba kilikuwa kitupu, nikachomoa headphone, nikacheza kwa sauti ya TV. Nikazama kabisa. Nafika kwenye kona moja mbaya, nyuma yangu nikasikia:

"Breki! Breki, sha!"

Nikashtuka, gari likaenda korongoni. Kugeuka, benchi zima limesimama mgongoni kwangu.

Nilitamani kujifunika na TV.

Djuma, yule mwenye mdomo kuliko wote, akanyoosha mkono. "Umeanguka, amka. Sheria iko moja."

Nikampa pedi. Akaanguka kona ileile.

"We Djuma, unaendesha kama umebeba mayai!"

"Toka, nipe mimi!"

Mchana foleni ilikuwa imefika mlangoni. Wakawa wananiuliza mimi, "Dada, hapa tunakata wapi?" Na mimi nikawa najibu!

Halafu mjomba akaingia na pazia lake, limekauka, limepigwa pasi. Akapanda kwenye kiti alitundike.

Nilijua nikisema, maficho yangu yamekwisha.

"Mjomba, usilirudishe."

Akaniangalia. "Pazia langu lina ubaya gani?"

"Ni zuri, mjomba. Ila mtu akicheza amejificha, nani atatamani zamu yake?"

Akatazama foleni, akatazama utepe wake wa dhahabu. Akashuka taratibu. Nilimwonea huruma kidogo.

Mama Aisha alikuja kuchungulia, akashindwa hata kupita. "Haya," akamwambia, "basi nishonee turubai la barazani." Mjomba akalishona siku hiyohiyo.

Mimi si mtaalamu wa biashara, na makampuni makubwa yana sababu zao nyingi. Lakini nilichojifunza ni kwamba watu hawakai kwa ajili ya nguvu ya mashine. Wanakaa kwa ajili ya gemu wanayoijua na mtu wa kumcheka pembeni. Console inayokuacha peke yako, hata ing'ae vipi, utaisifia na utaondoka.

Lile pazia sasa ni mito ya benchi. Wananiita Dada Velveti. Naikalia nikisubiri zamu yangu, nikianguka naamka.

Mtaani kwenu ni console gani ilikuwa kali ikakosa watu? Semeni, nitawajibu wote. Ndiyo, mimi.