Majina Nilifuta, Geti Nikaziacha

Mimi ndiye yule karani wa kliniki hapa Nakuru aliyejifanya mtaalamu wa siri. Kazi yangu ilikuwa kuandaa orodha ya wagonjwa wenye virusi vya homa ya ini, pamoja na majibu ya damu yao, ili watafiti wa hospitali zingine pia waitumie. Nilifuta majina, nikafuta namba za simu, halafu nikajipongeza kwa chai na mandazi mawili.

Siku ya mkutano tulialika wagonjwa wachache watoe maoni. Niliwasha projekta, nikarekebisha tai yangu ya kuazima, nikatangaza: "Hapa hata mama yako mzazi hawezi kukutambua."

Ukumbi mzima ulikodolea ukuta macho. Nilidhani ni heshima.

Kumbe nilikuwa nimesahau kufuta safu ya mwisho, ile tunayoandika jinsi ya kumfikia mgonjwa akikosa kuja kliniki, maana mitaani kwetu nyumba hazina namba. Ilikuwa pale ukutani, herufi kubwa kama za bango.

Mama mmoja wa mstari wa mbele alivaa miwani, akasoma polepole: "Kiamunyi, geti ya kijani nyuma ya kanisa. Uliza mama mnene wa kuku. Ana kelele sana."

Akavua miwani, akanitazama.

"Huyo ni mimi. Na huyu wa chini yangu, wa geti nyekundu, ni jirani. Ugonjwa wake nimeujua leo, kutoka kwako. Sasa keti, kijana. Ile kelele uliyoandika ndiyo inaanza."