Simbiliki wa Manyoya Marefu

Nikisikia mlio mwembamba wa simbiliki, ule wa "wii, wii" wanaoutoa pindi kisu kinapoanza kumenya viazi, narudi moja kwa moja katika jiko la mama yangu, kule kijijini Lusangi. Simbiliki wake walikuwa wa kawaida, wadogo kama panya wanono, manyoya mafupi. Walikula maganda na majani, wakazaana, tukawala. Hakuna aliyewahi kuwanunulia kitu.

Siku moja baba alirudi kutoka soko la Kasongo kwa miguu. Baiskeli yake ya kubebea mafuta ya mawese alikuwa ameibadilisha kwa simbiliki wawili, dume na jike, wa mchuuzi mmoja kutoka Bukavu. Manyoya yao yaliburutika chini, hata hujui kichwa kiko upande gani.

Mama aliwageuzageuza. "Baba Sifa, iko manyoya tu. Nyama iko wapi?"

"Hii haiko ya kula," baba akajibu. "Watoto yake ndiyo itasomesha Sifa."

Sifa ni mimi. Nilikuwa na miaka tisa, nikajiona tajiri.

Wageni wale hawakuujua umaskini wetu. Walitaka sanduku kavu, nyasi kavu, sabuni. Kila asubuhi baba aliwapakata na kuwachana kwa kitana cha mama, shamba likimngoja. Kisha mvua zikaanza. Manyoya yakalowa, yakashikamana, nzi wakataga humo. Jike, naye ana mimba, akaacha kula. Baba akapanda pikipiki ya kukodi kwenda Kabambare kutafuta dawa. Matope yakamzuia siku mbili.

Mimi ndiye niliyeachiwa kitana. Nilichana, nikatoa funza mmojammoja kwa kijiti, na kila nilipodhani wamekwisha, nikakuta wengine. Mwishowe nilikaa tu, nimemshika yule jike, mpaka pumzi ikamwisha. Kesho yake dume akafuata.

Baba aliingia na chupa ya dawa, tope hadi magotini. "Iko namna gani?" akaniuliza. Nikamwonyesha lile sanduku, tupu. Akafungua kizibo cha ile chupa, akakifunga, akakifungua tena.

Nilidhani amenikasirikia. Wiki nzima nilimkwepa, nikala jikoni na mama. Leo nina watoto wangu, nami nimekwisha kukosea mbele yao. Sasa najua kwamba pale mlangoni baba alikuwa anangoja mtu amwambie neno lolote, na aliyekuwa karibu ni mimi.