Jumapili Nilizokuwa Nikifa

Mpaka leo, nikipita soko kuu la Kindu kununua sombe, yale majani ya muhogo, wapo akina mama wanaonisalimu kwa cheo changu cha zamani. "Marehemu, umeamuka?" Nawajibu kwamba nimeamka, nashukuru, naomba wanipunguzie bei. Hawapunguzi. Wanasema marehemu hana haja ya mboga, kisha wanacheka mpaka wateja wengine wanageuka. Wanangu wanaona aibu. Mimi nimezoea, maana cheo hicho nilikipata kwa jasho: miaka ya vita nilikufa mbele ya mji mzima, kila Jumapili alasiri, kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Ulikuwa mchezo wa jukwaani wa nyimbo na ngoma, katika ukumbi mmoja wa mjini. Aliutunga mwalimu mmoja wa Kifaransa ambaye shule yake ilikuwa imefungwa, naye alikuwa mtu asiyeweza kukaa bila kumsahihisha mtu. Hadithi yenyewe ilikuwa nyepesi. Binti wa Kindu anamngoja mchumba wake anayekuja kwa treni kutoka kusini. Treni inachelewa. Mama wa binti anaugua kwa wasiwasi, anaimba wimbo mrefu, anakufa. Kisha treni inafika, harusi inafungwa, watu wanacheza. Huyo mama ndiye mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, lakini mwalimu alisema nilikuwa na sura ya mtu aliyechoka tangu tumboni.

Vijana wa siku hizi wanaofanya michezo mjini wana vipaza sauti na taa za rangi, na watazamaji wao wanakaa kwenye viti vya plastiki, simu mkononi, wanapiga makofi wimbo ukiisha. Nawaonea huruma. Watazamaji wetu hawakungoja wimbo uishe. Walitukatiza, walitusahihisha, walituonya. Mchumba alipoimba kwamba hana baya moyoni, kulikuwa na mama mmoja wa safu ya nyuma aliyesema kwa sauti, kila Jumapili, "Uyu iko na bibi mwingine kule, minamujua." Kijana aliyecheza mchumba alikuwa hajaoa hata mara moja. Mwishowe wasichana wa mtaa wake wakaanza kumkwepa.

Na treni! Treni ya kweli ilikuwa haijaingia Kindu kwa muda mrefu, majani yalikuwa yameshaota katikati ya reli. Honi yetu ilikuwa chupa tupu iliyopulizwa na mpiga ngoma nyuma ya pazia. Kila alipoipuliza, watu wazima na akili zao walisimama wakachungulia madirishani kuelekea stesheni. Wakiona hakuna kitu walikaa tena na kulaumiana, kila mmoja akidai kwamba yeye alisimama kujinyoosha tu.

Wale walioushika mji walimtuma bwana mmoja wa utawala aje kuukagua mchezo. Alikaa mbele, miguu kaipandisha juu ya benchi, akasikiliza yote. Mwisho akatoa hukumu: treni inaweza kufika, lakini haiwezi kufika hivihivi tu kana kwamba mji hauna wenyewe. Basi mwalimu akaongeza mstari. Mjomba wa bibi harusi anaingia, anavua kofia na kutangaza, "Treni imepewa ruhusa." Watu walicheka mpaka mabenchi yakalia. Yule bwana aliona namna mstari wake ulivyopendwa, akaagiza usemwe mara mbili.

Lakini kilichoufanya mchezo wetu kuwa ule unaokumbukwa mpaka leo ni kosa la Jumapili ya kwanza kabisa. Nilikuwa nimeshaimba, nimeshakufa, nimelazwa kwenye mkeka, binti yangu wa mchezo analia vizuri sana. Mama mmoja wa safu ya tatu akainuka, akatoka nje, akarudi na tita la kuni alilokuwa amelinunua la kupikia nyumbani kwake. Akalitua mbele ya jukwaa, akawageukia wenzake.

"Muntu amekufa," akasema, "na siye tumekaa mikono mitupu?"

Kwetu huendi kwenye kilio bila kitu. Unakwenda na kuni, au maji, au unga, kwa sababu wafiwa hawana nguvu za kutafuta. Kila mtu anajua hivyo, na kila mtu ukumbini aliona aibu palepale. Mwalimu alijitokeza haraka. "Wazazi, huu ni mchezo!" akasema. "Mama huyu ni mzima!" Nikainua mkono kuthibitisha. Mama wa kuni akaniangalia kwa masikitiko, akasema kwamba hata hivyo nimekwisha kufa, na kuni hazirudi.

Jumapili iliyofuata watu walikuja wamejiandaa. Wengine walivuka mto kutoka Alunguli na mchele vichwani. Palikuwa na unga wa muhogo, chupa za mawese, ndizi, majani ya chai. Mwalimu alianza tena kusema kwamba huu ni mchezo, akauona mchele, akaomba sufuria. Jioni ile wachezaji wote tulikula tukashiba, jambo lililokuwa limeanza kusahaulika mjini.

Tangu hapo sanaa ilipata mwelekeo mpya. Mwanzoni nilikuwa nakufa karibu na mwisho. Mwalimu akasema, kwa sababu za kisanaa, nife katikati. Baada ya mwezi nilikuwa nakufa baada ya wimbo wa pili, sijaugua hata vizuri, na mchezo uliobaki wote niliulalia. Akafika hata kufikiria kumuua na mjomba, lakini mjomba alikataa, alisema yeye ana familia.

Kwa kuwa sasa kilikuwa kilio, kiliendeshwa kama kilio. Wanaume walikaa nje ya ukumbi, wakawasha moto, wakacheza karata. Hawakuingia hata mara moja. Wazee hao ukikutana nao leo watakwambia ule ndio mchezo bora waliowahi kuutazama maishani. Ndani, akina mama wa Kiislamu walilalamika kwamba nilivishwa vibaya na miguu yangu inaelekea kusikoeleweka. Wakatoliki wakauliza msalaba uko wapi. Baada ya majadiliano marefu, ambayo niliyasikiliza nikiwa maiti, ikaamuliwa niwe Mwislamu Jumapili moja na Mkatoliki Jumapili nyingine. Fundi seremala mmoja alinipima urefu bila kuniomba ruhusa, akaguna, akasema ukumbi huu hauna heshima.

Mama yangu mzazi alikuwa anakaa mbele kabisa, kwenye mkeka, karibu na kichwa changu. Nimwelezee mama. Alikuwa muuza maandazi, mwanamke mkali, mwenye mgongo ulionyooka, asiyependa maneno mengi. Nyumbani nilikuwa sijawahi kumwona akilia. Lakini pale ukumbini alikuwa bingwa. Akianza yeye, ukumbi wote ulifuata, na akina mama walitoka wakisifu: "Ile mama ya Marehemu inajua kulia, bana." Walidhani ananililia mimi, mwanawe. Iliingia akilini, nani asingelia akimwona mwanawe kwenye mkeka?

Mimi niliyelala pale, macho nimefumba, ndiye niliyemsikia vizuri. Hakuwa akilitaja jina langu. Alikuwa akilitaja la mdogo wangu.

Kabla mchezo haujaanza, mdogo wangu alikuwa ameondoka na baiskeli kwenda Lubutu kutafuta chumvi, pamoja na vijana wengine waliosukuma mizigo kwenye njia ile. Wenzake walirudi. Yeye hakurudi. Mmoja alisema alimwacha kwenye kijiji cha Obokote akiziba tairi, na kwamba nyuma yao walisikia risasi. Habari ikaishia hapo. Hakuna mwili, hakuna kaburi, hakuna aliyeona. Jirani yetu alipokuja na kuni, akitembea polepole na sauti ameishusha, mama alimrudishia kuni zake mlangoni. "Mutoto yangu iko safarini," akamwambia. "Usiniletee mukosi." Kumlilia aliye hai ni kumwitia kifo, na mama hakutaka awe yeye aliyekiita. Kwa hiyo nyumbani kwetu hakuna aliyelia, na hakuna aliyemwuliza kitu. Alingoja Jumapili.

Kisha mwalimu akatangaza kwamba zimebaki Jumapili tatu. Familia zilizokimbia vijiji vya Pangi na Kabambare zilikuwa zinalala barazani kwa watu, na wenye ukumbi walitaka kuzipa nafasi. Hakuna mtu mwenye roho ambaye angebisha. Watazamaji walibisha. Ujumbe ukaundwa: mama wa kuni, yule seremala, mzee mmoja wa msikitini, katekista mmoja, na mwanaume wa karata aliyewakilisha nje. Wakamketisha mwalimu kitini.

"Mwalimu," mzee wa msikitini akasema, "weye umetuletea maiti. Sasa unataka kutuachia ivi?"

"Ni mchezo, baba."

"Tunajua njo mchezo," akajibu katekista kwa upole. "Lakini kilio iko na siku ya kumaliza. Haimaliziki na kufunga mulango."

Walikuwa na haki, kwa mantiki yao. Kilio cha kwetu kina siku yake ya mwisho: kiwanja kinafagiwa, majivu ya moto yanazolewa, nguo za marehemu zinagawiwa kwa jamaa ili kila mtu arudi kwake. Mwalimu akakubali. Jumapili ya mwisho ingekuwa siku ya kumaliza kilio, na akaahidi kutunga wimbo wa kufagia. Wajumbe wakapeana mikono, wakaridhika kabisa.

Mama hakuridhika. Tulirudi nyumbani pamoja siku ile, yeye mbele, mimi nyuma. Karibu na mlango akasimama bila kugeuka.

"Na miye nitalilia wapi?" akauliza.

Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa na hasira naye ya mwaka mzima. "Hapa," nikamwambia. "Nyumbani. Kama watu wengine wote wanaofiwa."

Hakunipiga, ingawa nilitaka anipige. Aliingia ndani, na kwa wiki mbili hakunisemesha. Jumapili ya pili kutoka mwisho hakuja. Watazamaji walilia ovyo, kila mmoja na sauti yake, wakatoka wakinung'unika kwamba kiwango kimeshuka. Mimi nililala kwenye mkeka nikiogopa. Niliona kwamba nimemnyang'anya mama mahali pake pa pekee, na kwamba labda sasa hatalia tena popote, atakauka hivyohivyo na kikapu chake cha maandazi.

Jumapili ya mwisho ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Nikaimba, nikafa, wakalia. Wimbo wa kufagia ukaimbwa, akina mama wakainuka na mafagio waliyokuja nayo wenyewe, wakafagia ukumbi wote na miguu ya watu waliokataa kuinuka. Yule bwana wa utawala akafagiliwa na yeye. Zikaletwa nguo zangu za mchezo: vitenge viwili na kitambaa cha kichwa. Mama wa kuni akachukuliwa kuwa mgawaji, bila kuchaguliwa na mtu. Ndipo nikasikia watu wakipisha njia, na hatua ninazozijua zikapita kando ya kichwa changu.

"Hii nini?" akauliza mama wa kuni. "Hii ni shati ya mwanaume."

Ukumbi ukachangamka. Hawa watu walikuwa hawakubali kosa. "Marehemu ni mwanamuke!" akaita mmoja wa nyuma. "Shati inaingia wapi?" Mwingine akasema labda ni ya baba wa marehemu. Mwingine akasema mchezo huu hauna baba, mwalimu alimsahau. Nikafumbua macho. Kitu hicho kilikuwa kimekatazwa kabisa, na mtu wa mbele akaniambia palepale, "Maiti, lala!"

Sikulala. Mama alikuwa amepiga magoti mbele ya vitenge vyangu. Alikuwa ameweka shati la mistari la mdogo wangu, suruali yake moja, na mkanda. Vyote vilikuwa vimefuliwa na kupigwa pasi.

"Ni ya mutoto yangu," akasema. Akalitaja jina lake lote, la nyumbani na la ubatizo, polepole, ili asikosewe. "Alienda Lubutu. Hatarudi. Minaomba mugawe na nguo zake."

Hakuna aliyesahihisha kitu. Mwalimu akazikunja karatasi zake, akazitia mfukoni. Huko nje mtu alipeleka habari, na wanaume wakaziacha karata zao, wakaingia ukumbini mmoja mmoja, kofia mkononi. Mama wa kuni aliliweka lile shati mapajani mwake, akalilainisha kola, akaanza kuimba wimbo wangu wa kufa. Waliuimba wote. Walikuwa wanaujua kuliko mimi.

Harusi haikuchezwa siku ile. Chupa haikupulizwa, na mpaka leo sijasikia mtu akiuliza kama binti aliolewa. Watu walichukua kuni, mchele na maji waliyoleta, wakatembea mpaka kwetu, wakakaa uwanjani siku tatu.

Mwaka mzima mji wote ulikuwa umemlilia mdogo wangu bila kujua, na dada yake peke yake ndiye aliyekuwa amelala kimya, akibana pumzi, asiuharibu mchezo. Usiku wa kwanza wa kilio nilikaa chini kando ya mama, nikaweka kichwa changu begani kwake, nikalia.